Mtanie Tusikie

Vitabu vya kufundishia sheria za jinai, hasa vile vilivyoandikwa Ulaya, vinampa mwalimu shauri moja ambalo mimi nikilisoma mwili unanisisimka. Vinasema: siku moja, katikati ya mhadhara, panga mtu aingie darasani ghafla, anyakue kitu mezani, akimbie nacho. Kisha waulize wanafunzi walichokiona. Watapingana, watajikanyaga, na hapo wataelewa ushahidi wa macho ni kitu gani. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, kazi yangu ikiwa kulinganisha jinsi nchi hii na ile zinavyokamata watu, zinavyowashtaki na zinavyowaadhibu, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi aliyewatangulia wenzake kusoma akaniuliza, "Mwalimu, lini tutafanya lile jaribio la wizi?" Hatufanyi. Sitaki hata kulisikia. Nililiona likifanywa Kariakoo, miaka ya hamsini, nikiwa kijana, na tangu siku hiyo naona ajabu mtu anavyoweza kulisimulia huku anatabasamu.

Wakati huo nchi yetu haikuwa na chuo kikuu. Aliyetaka elimu hiyo alivuka mpaka, na wengi wetu hatukuwa na njia ya kuvuka. Basi chuo cha nchi jirani kikaanza kutuletea wahadhiri, mmoja kwa muhula mmoja, wafundishe watu wazima wenye kazi zao. Yule wa sheria alikuwa Mskochi, kijana mrefu, mpole, shingo imeiva kwa jua la Pwani. Alitufundisha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa chama kimoja cha mpira, mlango wake ukitazama Mtaa wa Msimbazi, na madirisha makubwa yasiyo na vioo. Kelele zote za soko ziliingia humo: hamali wanaomba njia, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, mtu anapigia debe mihogo. Mwalimu alikuwa akingoja mkokoteni upite ndipo amalizie sentensi.

Mimi nilikuwa mkalimani. Kazi yangu ya siku zote ilikuwa kufundisha shule, huko Ilala, lakini Kiingereza changu kilisifiwa, na darasani walikuwamo watu wazito ambao hawakukijua. Alikuwamo karani wa mahakama, alikuwamo koplo wa polisi, na aliyekaa mbele kabisa alikuwa mzee mmoja wa baraza. Mzee wa baraza, kwa wasiojua mambo ya enzi hizo, ni mtu aliyekaa pembeni ya liwali mahakamani, akisikiliza kesi pamoja naye na kutoa shauri lake kabla ya hukumu. Wetu alikuwa mtu wa asili ya Kilwa, kanzu nyeupe isiyo na doa, koti jeusi, na bakora ya mpingo yenye kichwa cha fedha kilichochongwa maua. Ile bakora! Hapakuwa na Jumamosi asiyotusimulia habari zake: mti ulitoka wapi, fundi gani wa Unguja aliichonga, alikataa kuiuza kwa Bohora gani. Tukimwona tu anaisugua kichwa kwa kidole gumba, tulijua hadithi inakuja.

Nisimpunje: alikuwa na akili. Mwalimu alipotueleza kwamba Uingereza mtu anahukumiwa na raia kumi na wawili wasiojua sheria, na Ufaransa hakimu mwenyewe ndiye anayechimba na kuuliza, mzee alisikiliza akitikisa kichwa. Mwalimu akasema kwao Uskochi kuna hukumu ya tatu: si kwamba una hatia, wala si kwamba huna, ni kwamba haikuthibitika. Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Muulize," akaniambia, "huyo mtu akirudi nyumbani mkewe anamfungulia mlango kama nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwalimu nilipomtafsiria akasema hilo ndilo swali bora aliloulizwa tangu aanze kufundisha.

Siku nyingine karani aliuliza mbona hapa kwetu Mzungu akishtakiwa anapelekwa mahakama moja na sisi nyingine. Mwalimu alikohoa, akanywa maji. Koplo akatazama dari. Basi, tukaendelea na Wafaransa.

Mtu wa mwisho wa kumjua ni dereva. Alikuwa dereva wa mwalimu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakuingia darasani hata siku moja. Aliegesha motokaa nyuma ya ukumbi, chini ya kivuli cha ukuta, akalala humo mpaka tumalize. Wanafunzi hawakumjua sura. Mimi nilimjua kwa sababu kila Jumamosi nilikwenda nyuma kusaidia kushusha vitabu, na kwa sababu mimi ni Mzaramo wa Kisarawe na yeye ni Mnyamwezi. Yaani tulikuwa watani.

Utani wa makabila watoto wa siku hizi wanaujua kwa kuusikia redioni. Zamani ulikuwa na uzito wake. Mtani wako anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anaingia kwako anafunua chungu anakula. Anachukua kuku wako, shuka yako, kofia yako kichwani, na huna pa kwenda kumshtaki, kwa sababu hakuna mzee wa mji atakayekusikiliza, atakuuliza, "Si mtani wako?" na habari imeishia hapo. Nawe kesho unakwenda kwake kufanya yale yale. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeosha, ndiye anayechimba, ndiye anayewachekesha wafiwa wakati machozi hayajakauka. Mimi na yule dereva tulikuwa hatuonani bila maneno. "Mtumwa wangu," ananiita kutoka mbali, "njoo ubebe vitabu, leo hakuna ngoma." Namjibu kwamba babu zake wote walikuwa wapagazi, mbona mjukuu ananikabidhi mzigo? Mwalimu alikuwa anatushangaa. Aliniuliza siku moja kama tuna ugomvi, nikamweleza utani ni nini, akaandika neno hilo kwenye daftari lake akasema siku moja tutalizungumza darasani.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Mada ilikuwa ushahidi. Mwalimu alikuwa amemwomba mzee wa baraza aeleze jinsi mahakama za kwetu zinavyomsikiliza mtuhumiwa, na mzee alisimama akaeleza vizuri, wallahi, vizuri kabisa. Alisema mtu hata akikutwa na kitu mkononi, aulizwe kwanza. Mkono unaweza kuwa na kitu kwa njia nyingi, alisema: kwa kupewa, kwa kuokota, kwa kulazimishwa. Aulizwe, aachwe aseme, asikatizwe. Nilikuwa bado namtafsiria mwalimu sentensi ya mwisho wakati mlango ulipofunguliwa kwa kishindo.

Aliingia mtu amejifunga kilemba kilichoficha uso mpaka puani, kanzu imepanda juu ya magoti. Alikwenda moja kwa moja mezani, akanyakua mkoba wa ngozi wa mwalimu, akageuka akatoka mbio. Mimi niliduwaa. Kinywa kilikuwa wazi na neno la Kiingereza limo ndani. Nilimtazama mwalimu, naye alikuwa ametulia, ameshika kalamu, anatazama saa ya mkononi. Nikajiuliza, huyu vipi? Anaibiwa na anatazama saa?

"Mwizi!"

Sauti ya kwanza ilitoka humu humu ndani. Ilikuwa ya mzee wa baraza. Alipita mbele yangu bakora juu, kanzu imenipiga usoni, na magoti yake aliyokuwa akituambia yanauma masika yote sikuyaona yakiuma. Nyuma yake koplo, nyuma yake karani, nyuma yao nusu ya darasa. "Mwizi! Mwizi huyo! Mshike!"

Jamani, mwenye kuijua Kariakoo anajua neno hilo lilivyo. Lilisemwa mlangoni, likadakwa na muuza kahawa, likavuka barabara likafika kwa mafundi wa baiskeli, na kabla sijashusha pumzi soko zima lilikuwa linalisema. Watu waliokuwa wanapatana bei waliacha kupatana. Hamali waliachilia mikokoteni katikati ya njia. Hakuna aliyeuliza kaiba nini, kwa nani. Niliwaona kutoka dirishani wakitoka kila kichochoro.

Nikamgeukia mwalimu. Alikuwa anatabasamu! Akaniambia, "Vizuri sana. Wamechangamka. Huko kwetu huwa wanabaki vitini." Ndipo akanieleza kwamba ni jaribio, kwamba mtu wake ameagizwa atoke mbele, azunguke ukumbi, arudi kwa mlango wa nyuma. Ameshamwandalia chai. Nilitaka kumkaba. Nilimwambia, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chote kilinitoka, "Wewe mtu una wazimu? Umemtuma mtu akaibe Kariakoo?"

Kisha nikaisikia ile sauti ya kuita ng'ombe, kutoka nje, katikati ya kelele.

"Mtani! Mtani wangu we! Nakufa!"

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nikisukuma migongo. Nakumbuka nikipiga watu ngumi za mbavu ili wanipishe, mimi niliyekuwa sijapigana tangu utoto. Katikati, chini, alikuwa dereva. Kilemba kimemtoka, uso hauna umbo, mguu mmoja umekaa upande ambao mguu haukai. Mkoba bado ameukumbatia kifuani, kwa sababu aliambiwa asiuangushe, una karatasi za mwalimu. Juu yake kijana wa nguvu alikuwa ameinua jiwe la kuzuilia gurudumu la mkokoteni.

Nilijitupa katikati nikapiga kelele, "Acheni! Si mwizi! Ni mafunzo! Ni mchezo wa darasani!"

Hawakunielewa, na kusema kweli, ningekuwa wao nisingeelewa. Mchezo gani wa darasani? Mtu mmoja akanivuta shati: "Na wewe ni mwenzake?" Jiwe likapanda juu zaidi. Nikaona hapa maneno ya mwalimu hayafai kitu. Nikasema la kwangu. "Huyu ni mtani wangu! Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi! Amechukua mkoba wangu kwa utani!"

Wale wa karibu wakageuka. Mwenye jiwe akanitazama. Mama mmoja mkaanga samaki, mwiko wake mkononi, akasema kwa sauti, "Kila mwizi sasa ana mtani?" Mwingine akadakia, "Kama ni mtani wako, mtanie tusikie!"

"Ndiyo! Mtanie tusikie!"

Yarabi. Nilimtazama pale chini. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Na mimi natakiwa nichekeshe. Nikilia, hawataamini. Nikibembeleza, hawataamini, kwa sababu mtani habembelezi mtani wake. Nilivuta pumzi nikaweka mikono kiunoni, na sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu.

"Aibu gani hii wewe Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka baharini hawakuangusha hata moja, wewe unashindwa kutembea na kimkoba cha makaratasi kutoka hapa mpaka pale! Nani kakwambia umeumbwa kukimbia? Kitambi hicho ukikimbia kinafika mbele, wewe unabaki nyuma!"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu. Wengine walikuwa wanamtazama yeye, kwa sababu utani ni wa wawili, na asiyejibu si mtani. Aliyekuwa chini alikuwa kafumba macho. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo: mpe neno moja, moja tu. Midomo ilivimba, ikatikisika. Akafungua jicho lililokuwa linafunguka.

"Umechelewa," akasema. Akatema damu. "Ulipita kwanza... kucheza ngoma? Mzaramo we... hata nikifa... utakuja mazishini... umechelewa."

Basi wakacheka. Loo, walicheka! Yule mwenye jiwe alicheka mpaka akaliweka chini, akaweka mikono magotini. Mama wa samaki alifuta machozi kwa kanga. "Kumbe watani! Si mngesema mapema!" Mikono ile ile iliyokuwa inampiga ikamwinua, ikamfuta vumbi, ikamrudishia kiatu. Muuza kahawa akaleta kikombe, akakataa kulipwa. Mtu akaniambia, kwa furaha kabisa, "Mtani wako mgumu huyo!" na kunipiga begani. Mpaka leo, katika yote niliyoyaona siku ile, kicheko kile ndicho kilichonitisha kuliko jiwe.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa hamali kumpeleka hospitali, mimi namshika kichwa. Njia nzima alikuwa ananinong'oneza, "Endelea, mtani. Nitukane. Nisilale." Nikaendelea kumtukana mpaka getini. Niliishiwa matusi nikaanza kurudia yale yale, naye akaniambia Wazaramo hata matusi wanaazima.

Hakufa. Mbavu ziliunga, sikio moja halikusikia tena. Lakini goti lilisagika. Daktari alisema mguu ule hautakunjika, na dereva asiyekunja goti la kushoto hawezi kukanyaga klachi. Aliyekuwa amekula kwa usukani tangu ujana akawa hana kazi kwa siku moja. Kilichobaki kilikuwa kujua ni nani aliyempiga goti lile, awajibike, amlipe mtu fidia ya riziki yake. Yeye mwenyewe alipoulizwa na polisi pale kitandani alisema uso hakuuona, alikuwa ameshaangushwa kifudifudi. Polisi wakafunga jalada: hakuna shahidi.

Mwalimu hakulala wala kula, naamini hivyo, maana alirudi kwetu amekonda kama mgonjwa. Madarasa yalikuwa yamesimama kwa muda. Jumamosi ile alisimama mbele yetu, hakufungua kitabu. "Polisi wanasema hakuna mashahidi," akasema, nami nikatafsiri. "Mimi nina chumba kizima cha mashahidi. Naomba mmoja mmoja asimame aseme alichokiona." Darasa zima lilikuwa limekwishajua yule mtu alikuwa nani, na kwamba alitumwa.

Akaanza na mle ndani. Alimwuliza koplo, mtu aliyeingia alikuwaje? Koplo akasimama wima. Mtu mrefu, akasema, mwembamba, ana kisu cha kukunja mkono wa kushoto. Nikageuka kumtazama. Mwembamba? Karani akasema hapana, hakikuwa kisu cha kukunja, kilikuwa kisu cha kuchunia ngozi, alikiona kikimeta. Mzee wa baraza, mikono miwili juu ya kichwa cha bakora, akasema kwa utulivu kwamba lilikuwa jambia, na kwamba yule mtu alilielekeza kwa mwalimu. Wote wanajua, nawaambia, wote walikwishajua kwamba alikuwa dereva na kwamba mkononi hakuwa na kitu! Na bado kisu walikiona. Hawakuwa wanadanganya. Hilo ndilo lililonishangaza. Walikiona.

Mwalimu akaandika, akainua kichwa. "Na nje? Nani alimpiga mguuni?"

Koplo alisema alikuwa anazuia umati, hakuona. Karani alisema alikwama mlangoni, hakuona. Akasimama huyu, hakuona. Akasimama yule, vumbi lilikuwa jingi. Watu waliokuwa wameona kisu kisichokuwapo hawakuona hata mkono mmoja kati ya ile iliyokuwapo. Nilikuwa natafsiri, "I did not see, I did not see," mpaka ulimi ukawa mchungu.

Ikawa zamu ya mzee. "Mimi," akasema, "nilibaki kitini. Magoti yangu haya, ningekwenda wapi?"

Nikatafsiri, kisha nikaongeza, sikuweza kuvumilia: "Hayo ni maneno yake. Mimi nasema alipita mbele yangu, kanzu yake ikanipiga usoni, na yeye ndiye wa kwanza kuita mwizi." Mzee alinikazia macho. Mwalimu akaniuliza, "Ulimwona akimpiga?" Nikasema sikumwona akimpiga. Akashusha pumzi. "Basi haikuthibitika," akasema polepole, na nilijua hakutaka kulisema neno hilo.

"Hodi," ilisemwa mlangoni.

Alikuwa dereva. Mguu umefungwa vibao na bandeji, hospitali ilikuwa haina magongo ya kumpa, wamemwambia arudi wiki nyingine. Alikuja ameshika ukuta. Akaingia hivyo hivyo, mkono ukutani, kisha mkono kwenye benchi moja hadi lingine, anaruka kwa mguu mmoja, na watu wakawa wanavuta miguu yao kumpisha bila kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza anaingia ukumbini kwa uso wake. Nilisimama nimsaidie, akanikataza kwa kichwa. Hakunitania. Siku hiyo tu hakunitania.

Akafika mbele ya mzee wa baraza akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee akajibu, kwa mazoea, mdomo ukitangulia.

Dereva aliinama akaitazama bakora. Kichwa cha fedha, yale maua yaliyochongwa, aliyatazama kwa karibu, kama mtu anayemtambua jamaa. "Nilikuwa kifudifudi," akasema, "uso sikuuona. Hii niliiona kwa pembe ya jicho. Ilipanda, ikashuka. Ilipanda tena." Akanyoosha mkono, akaishika, akaivuta. Vidole vya mzee viliiachia kimoja kimoja. Dereva akaikita sakafuni, akaipima kwa uzito wake, ikamfaa. Akageuka, akaanza kutoka, goti gumu na bakora, goti gumu na bakora, mlio wake unasikika ukumbi mzima.

Mwalimu akanisogelea. "Huyo mzee ni mtani wake?"

"Hapana," nikasema. "Si mtani wake hata kidogo."

"Basi kinachofanyika hapa ni nini?"

"Amechukua kitu cha mtu bila ruhusa, mbele ya mashahidi wote," nikamjibu. "Ni wizi, kama ulivyotufundisha."

Alikuwa amefika mlangoni. Nje soko lilikuwa limejaa kama siku ile. Neno moja tu lingetosha. Mwalimu akawatazama wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine, uso umempauka, akaniambia, "Waulize, mbona leo hakuna anayepiga kelele?" Nikawauliza. Niliwauliza kwa sauti kubwa, nikalirudia swali kwa hasira zangu mwenyewe. Koplo alitazama dari.

"Mwulize mwenyewe, basi," mwalimu akasema. "Mwulize kama ana malalamiko. Bakora yake imechukuliwa."

Nikamwuliza mzee. Alikuwa ameketi, kidole gumba bado kinasugua kitu ambacho hakipo. Watu wote walikuwa wanamngoja. Akisema, "Ni yangu," amekiri goti alilisaga yeye, amekwisha.

"Mwambie mwalimu," akasema, "bakora ile si yangu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kutoka dirishani nilimwona mtani wangu anavuka Msimbazi, muuza kahawa anampungia, hamali wamesimamisha mikokoteni kumpa njia. Mwalimu alikusanya karatasi zake, darasa likaisha bila mtu kusema limekwisha, na watu wakatoka bila kuagana.

Mzee alikuwa wa mwisho. Alifika kwenye ngazi za saruji akasimama, akanyoosha mkono pembeni kutafuta pa kuegemea, akakosa. Akanitazama mimi, maana nilikuwa karibu, kijana, na mila zetu tunazijua. Hata mkono alikwisha kuunyoosha.

"Shika ukuta, mzee," nikamwambia.